Mguu Haukungoja London

Karibuni, kaeni. Kila nikizungumzia mpira wa wanawake wa Kiguarani, wenyeji asilia wa Amerika Kusini, kuna mtu safu ya nyuma hunyoosha mkono: "Mwalimu, soka si mambo ya Wazungu? Hao wanaiga tu." Leo najibu mapema. Shusha mkono, ndugu yangu.

Mwaka 1793, huko Faenza, Italia, kilichapishwa kitabu cha José Manuel Peramás, padri wa Kikatoliki wa shirika la Wajesuiti, chenye habari za Waguarani aliokuwa ameishi nao katika misheni za Paraguay. Anaeleza mpira wao wa utomvu, mwepesi, ukishadunda hautaki kutulia. Wahispania walicheza mpira kwa mikono. Waguarani waliupiga kwa sehemu ya juu ya wayo, pekupeku, wakipasiana kwa wepesi na shabaha. Pekupeku! Waingereza waliandika sheria zao za soka London mwaka 1863. Piga hesabu mwenyewe. Sisemi Waguarani ndio waliobuni soka, msije mkanilisha maneno. Wala sisemi padri aliwaona wanawake wakicheza. Nasema mguu haukungoja London.

"Basi mila zao ndizo zinazowabana wanawake." Hilo nalo nimelisikia mpaka masikio yamechoka. Mila za nani? Mwaka 1941 serikali ya Getúlio Vargas, rais wa Brazili, ilitoa amri namba 3199: wanawake wasicheze michezo isiyolingana na maumbile yao. Hao walikuwa mabwana wenye tai, Rio de Janeiro, si wazee wa kijijini. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1979. Katikati hapo Brazili ikabeba Kombe la Dunia mara tatu, sisi tukashangilia Pelé. Mama wa Kikaiowá, tawi la Waguarani, mwenye miaka hamsini leo alizaliwa mpira wake ukiwa haramu kisheria! Na bado Jumapili utamkuta uwanjani, au pembeni amepakata mjukuu ili binti yake aingie kucheza.

Sasa ardhi... mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa kifupi: hifadhi ya wenyeji ya Dourados, jimbo la Mato Grosso do Sul, Brazili, ilitengwa mwaka 1917, hekta kama 3,500, na leo watu wamepita 13,000. Uwanja utaweka wapi, na muhogo utapanda wapi? Wenyewe wana neno tekoha, mahali ambapo mtu anaweza kuishi Kiguarani. Hilo peke yake lilitaka saa nzima.

Viatu, nauli, marefa: nilikuwa nazo kurasa tatu. Nazikunja. Haya, wewe wa nyuma, uliza.