Amejuaje? Mhadhara wa Kumuenzi Mwalimu Wetu wa Historia, Tabora

Shikamoo, Mwalimu. Wazazi, walimu, wanafunzi, na ninyi wenzangu mliofika na treni usiku, asanteni kwa kuja. Mwalimu ameomba jina lake lisitajwe kwenye kipaza sauti, nami namtii leo kama nilivyomtii kidato cha pili. Hapa Tabora mnajua ninayemsema.

Jambo hili nimelisema kila nilipopewa nafasi, na leo nalisema mbele yake: somo la Historia linauawa na notsi. Mtoto anaandikiwa pointi sita za sababu za Vita vya Majimaji, anazikariri, anazimwaga kwenye karatasi ya mtihani, yamekwisha. Muulize zimetoka wapi, atakwambia ubaoni.

Sasa chukueni habari ya Mtemi Isike, mtawala wa Unyanyembe aliyepigana na Wajerumani hapa Tabora. Vita yenyewe mnaijua, siwarudishi huko. Januari 1893, baada ya mashambulizi ya Wajerumani kushindwa mwaka uliotangulia, afisa wao Tom von Prince aliivunja ngome ya mtemi, na Isike akaingia kwenye ghala la baruti akalilipua ili asikamatwe. Ndivyo tulivyosikia majumbani, na kwa habari hiyo tulitembea vifua mbele. Mwalimu alisimulia mpaka kwenye mlipuko, akaweka chaki mezani, akauliza: "Nani alikuwa ndani ya ghala lile, akatoka kuja kutusimulia?"

Hakuna aliyejibu. Akatwambia ipo simulizi nyingine, kwamba Isike alikutwa bado anapumua, Wajerumani wakamnyonga. Anayesema hivi amejuaje? Anayesema vile amejuaje? Kila mmoja wao alitaka msikilizaji aondoke akiamini nini? Akatukataza kujibu siku ile. Nendeni kwa wazee, alisema, mkaulize kwa adabu.

Mwenzetu mmoja alitimuliwa kwa bakora. Mzee alidhani mtoto anamdharau Isike. Jioni Mwalimu akaenda mwenyewe, akakaa mkekani, akaomba radhi kwa niaba ya mwanafunzi wake, akasikiliza hadi usiku. Mzee akaeleza kwamba mama yake alikuwa msichana mdogo siku ile, na mlipuko aliusikia. Kuona, hakuona. Kesho yake Mwalimu aliandika ubaoni maneno mawili, "kusikia" na "kuona", akachora mstari katikati, akatwambia tugawe kila tulichokuwa nacho daftarini tuone kinaangukia upande gani. Tulifanya kazi ile wiki nzima, na karibu kila kitu kiliangukia upande mmoja.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba huku ni kuwavunjia watoto mashujaa wao. Si kweli hata kidogo! Hakuna mmoja wetu aliyepunguza mapenzi kwa Isike. Anayemsahau Isike ni yule aliyemkariri, maana humwacha mlangoni mwa chumba cha mtihani. Mwingine atasema madarasa yamejaa, muda hautoshi. Sisi wengine tulikaa madirishani. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, lakini wakati wa kubishana alitutoa nje, chini ya mwembe, tukabishana kwa Kiswahili. Swali la "amejuaje" halihitaji maabara wala bajeti. Linahitaji mwalimu asiyeogopa kuulizwa.

Na huyu hakuogopa. Mkutano wa TANU wa Januari 1958 ulifanyika hapa hapa mjini, ule wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Nyerere aliwashawishi wajumbe wakubali kuingia kwenye uchaguzi huo. Zuberi Mtemvu, mwana-TANU aliyepinga uamuzi huo, akajitoa, akaunda chama chake. Mwalimu aligawa darasa mara mbili, nusu wamtetee Nyerere, nusu wampinge kwa hoja za mwaka ule ule, bila kutumia ushindi uliokuja baadaye. Nawakumbusha vijana kwamba hiyo ilikuwa miaka ya chama kimoja, na Nyerere ndiye Rais. Alifunga mlango, akatuacha tuseme. Mimi bado sijasikia mjadala bora kuliko ule, hata bungeni.

Nilitaka kuzungumzia reli, ilivyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na wapagazi wa Kinyamwezi walioambiwa ghafla kwamba mabega yao hayatakiwi tena. Mwenyekiti ananyanyua saa, kwa hiyo naruka. Niseme tu kwamba katika darasa lile ametoka hakimu, ametoka muuguzi, wametoka wakulima wa tumbaku, na hakimu huyo ameniambia kuwa kila shahidi akisimama mbele yake, yeye huuona ule mstari wa chaki.

Limebaki moja, na hili siliruki. Simulizi tulizokusanya kwa wazee zimo kwenye madaftari, na Mwalimu amezitunza kabatini nyumbani kwake. Wamo wazee waliowaona Wabelgiji wakiingia Tabora Septemba 1916. Wote wamekwishatangulia mbele ya haki, na mchwa wameshaingia rafu ya chini. Bahasha inaanzia safu ya mbele, tununue kabati la chuma na mashine ya kunakili. Mwenye simu yenye kamera nzuri na asiye na shughuli Jumamosi aje kwa Mwalimu saa tatu asubuhi, tuanze na rafu hiyo ya chini.