Mke Mnadani: Talaka ya Maskini wa Uingereza

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Niwapeleke moja kwa moja Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, Aprili 1832. Mkulima Joseph Thompson anamweka mkewe, Mary Anne, juu ya kiti hadharani, kamba ya majani makavu shingoni, na kuanza kumnadi. Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, kwanza alimwita nyoka. Kisha akageuza maneno akamsifu: anasoma riwaya, anakamua ng'ombe, anatengeneza siagi. Alitaka shilingi 50. Akaishia kupokea shilingi 20 na mbwa. Wakaagana bila ugomvi.

Tusikimbilie kusema ni ushenzi tu. Tuitazame sheria yao. Kabla ya 1857, aliyetaka talaka ya kumwezesha kuoa tena alihitaji Bunge limtungie sheria yake peke yake. Kabla ya hapo apite mahakama ya kanisa, na kwa kawaida adai fidia ya ugoni. Gharama zake hazikuwa za kibarua. Tangu kuanza karne ya 18 hadi 1857 zilitolewa talaka za namna hiyo zaidi ya 300 hivi, na wanawake waliozipata ni wanne tu!

Basi maskini wakajitungia yao. Mara nyingi mnunuzi alikuwa keshajulikana, ndiye mpenzi wa mke, na bei imeshapatanwa nyumbani. Soko lilitakiwa kwa ajili ya mashahidi, ili mume asije kesho akamshtaki mwenzake kwa ugoni. Kisheria mauzo yale yalikuwa batili, na wako waliofungwa kwa kuyafanya.

Wapo wanaosema, kama mwanamke aliridhia, kuna ubaya gani? Hapo mimi sikubali hata kidogo. Hadi 1870 hata ujira wa mke aliyeolewa ulihesabiwa mali ya mume. Aliyefungiwa kila mlango akapita ule mmoja uliobaki, tusiite hiyo hiari. Na aliyevishwa kamba alikuwa mke.

Sheria ya 1857 ilileta mahakama ya talaka, lakini ilikaa London, mbali na wanyonge wa mikoani. Mume alitakiwa kuthibitisha uzinzi tu. Mke alipaswa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kutelekezwa, na tofauti hiyo ilidumu hadi 1923.