Chupa Iliyo Ndani ya Kiondo

Wazee wangu, kina mama, nanyi vijana mliowasindikiza, hamjambo. Najua wengine mmekuja kumsikia mfamasia akitukana mitishamba. Sitaitukana. Morfini tunayompa mgonjwa wa saratani hutoka kwenye mmea wa afyuni, na aspirini, ambayo kampuni ya Bayer iliitoa mwaka 1899, chimbuko lake ni gome la mti wa Ulaya. Mti ni dawa kweli. Ndiyo maana ukikutana na dawa nyingine mwilini, haukai kimya.

Tuseme mzee ana goti linalouma mwaka wa pili sasa. Amepewa diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo hata peke yake huweza kuchimba vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Anatumia pia warfarini, damu isigande. Halafu jioni anakunywa nusu glasi ya kitunguu saumu na tangawizi iliyosagwa. Tangawizi ya kwenye chai haina neno, lakini hiyo nusu glasi ya kila siku ni hatari. Tumbo likianza kuvuja, damu haikatiki upesi. Mkiona choo cheusi kama lami, msingoje kuche.

Lakini inayoninyima usingizi ni chupa isiyo na maandishi. Mama mmoja alikuja dukani kwangu, huku Eastlands, akasifu dawa aliyouziwa ndani ya matatu. Siku tatu tu, magoti yakanyooka! Nikamtazama: uso umevimba, mviringo kama sahani, mikono ina mabaka ya damu. Sukari nayo ilikuwa imepanda. Nikashuku steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe.

Si mambo ya Nairobi peke yake. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya watu kuhusu Artri King, iliyouzwa kama tiba ya asili ya viungo. Ilipopimwa, ilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na zote mbili hazikuandikwa popote kwenye chupa. Hebu fikiria, umemeza diklofenaki ya hospitali asubuhi, jioni unaongeza nyingine usiyoijua.

Mama akaniuliza, "Sasa niimwage?" Nikamwambia, hapana mama, usiimwage. Mwili uliozoea steroidi huacha kujitengenezea yake. Ukiikata ghafla, presha inashuka, unatapika, unalegea, hata kufa unaweza kufa. Ipeleke kwa daktari vilevile ilivyo, akupunguzie polepole.

Kumbe alikuwa ameenda kliniki mara nne, na hakuitaja hata siku moja. "Daktari angenigombeza." Hapo simlaumu yeye. Sisi wenye makoti meupe tumewafundisha watu kuficha, halafu tunashangaa dawa zikigongana.

Basi, meza yangu ni ile pale karibu na dirisha. Mwenye chupa kwenye kiondo, na mpo, nawaona mnavyovishika, ailete tuitazame kabla chai haijaletwa. Leo hagombezwi mtu.