Herufi Moja Tu Ndiyo Yako: Mhadhara kwa Wazazi, Kirumba, Mwanza

Mwangaluka, wazazi wenzangu. Asanteni kwa kuitika. Kina baba nawashukuru zaidi, maana jambo la leo, kumchagulia mtoto jina ambalo herufi za mwanzo hazitaleta neno la aibu, linawagusa ninyi hasa: kati ya herufi tatu atakazobeba mtoto, mbili zinatoka kwenu.

Nimefundisha shule ya msingi miaka 31, yote hapa hapa Mwanza. Naomba nianze na kidumu.

Vidumu vya watoto wetu mnavijua. Ni kile cha njano cha mafuta ya kula, cha lita tatu, mtoto anakwenda nacho shuleni kimejaa maji ya kumwagilia miti na kudekia darasa. Mwaka mmoja vilikuwa vinapotea na kubadilishwa, kila asubuhi ugomvi. Nikawaambia wanafunzi wangu wa darasa la tatu kila mmoja aandike kwenye kidumu chake herufi za mwanzo za majina matatu: lake, la baba na la babu. Amri ilikuwa yangu. Kesho yake vikaja vimeandikwa, vingine kwa maka peni, vingine kwa rangi ya kucha ya dada. Kulikuwa na binti mpole, anakaa dawati la pili karibu na dirisha. Chake kiliandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, mwandiko mzuri kuliko wote: N.Y.A.

Mimi sikuona kitu, nilikuwa natazama mwandiko. Walioona ni wavulana kwenye foleni ya bomba. Ambaye hajaelewa aziunganishe kimoyomoyo. Wazee wapo hapa, sitalitamka. Kufikia mapumziko ya saa nne jina lake lilikuwa limeshafutika, anaitwa kwa herufi.

Siku ya pili kidumu kikaja herufi ya katikati imekwanguliwa kwa wembe mpaka plastiki imepauka, N na A zimebaki kila moja upande wake. Siku ya tatu mtoto hakuja. Alikuja mama yake. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa mwalimu, tufanyeje? Baba yake ndiye Y, na babu yake ndiye A." Sikuwa na jibu. Nimelitafuta miaka mingi, na nililolipata ndilo nimekuja kuwapa leo.

Tazameni jinsi majina yetu yalivyokaa kwenye fomu. Jina la kwanza ni la mtoto, la pili la baba, la tatu la babu au la ukoo. Mimba inapoingia, herufi ya pili na ya tatu zimeshaandikwa zamani. Mzazi anayekesha akitafuta jina zuri anachagua herufi moja tu, ya kwanza. Basi kazi si kubwa. Andika herufi mbili za upande wa baba, kisha pitisha mbele yake kila jina mnalolifikiria, usome.

Na si kila familia ina hatari sawa. Hili niligundua kwa kukaa na madaftari ya mahudhurio jioni baada ya jioni. Maneno ya Kiswahili huishia na irabu. Kwa hiyo herufi tatu zinazoishia na konsonanti haziwezi kuwa neno letu, hata uzipange vipi. Babu akiwa Masanja, Mabula, Ngosha, Shija au Kulwa, mko salama kwa upande wa Kiswahili, na wengi wetu kanda hii tuna mababu wa namna hiyo. Wa kuangalia zaidi ni familia ambazo babu anaanza na irabu: Andrea, Athumani, Elias, Emanuel, Issa, Ibrahimu, Omari, Otieno.

Ngoja niandike ubaoni. Tuseme baba ni Bahati na babu ni Andrea. Herufi zetu ni B na A. Mtoto akiwa Juma: J.B.A., hamna kitu. Akiwa Tabitha: T.B.A., ni Wakala wa Majengo wa serikali, haidhuru. Akiwa Mariamu: M.B.A., sasa ni mba, ule wa kichwani, na wasichana wenzake watamwangalia nywele kila siku. Akiwa Issa: I.B.A. Someni wenyewe. Mtoto huyo siku kalamu ya mwenzake ikipotea darasani, macho yote yanageukia wapi? Na akikua akafanya biashara hapo sokoni Mwaloni, ataandika nini kwenye magunia yake ya dagaa? Mnajua gunia linavyoandikwa herufi za mwenyewe kwa rangi kabla halijapakiwa. Ataandika I.B.A. ubavuni mwa mali yake mwenyewe.

Niwape mengine mawili haraka. Baba Zuberi, babu Athumani, mtoto Omari: inakuwa oza. Baba Kulwa, babu Elias, mtoto wa kike Upendo, jina zuri la kanisani: sitalisoma, ila akifika darasa la sita na somo la sayansi likafika kwenye mwili wa binadamu, darasa zima litalisoma. Lakini chukua familia yenye baba Issa na babu Athumani. Mtoto wao akiitwa Neema, anabeba N.I.A., yaani nia. Herufi hutokea pia zikapendeza.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii. Aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Mabula, wa kike Kabula. Aliyezaliwa kipindi cha njaa ni Mayala. Pacha ni Kulwa na Doto, anayewafuata ni Shija. Jina lilitamkwa, likaitwa ng'ambo ya shamba, halikukatwa vipande. Ng'ambo ya mashariki ya ziwa, Butiama, mwaka 1922 alizaliwa mtoto siku ya mvua, akapewa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Baba yake aliitwa Nyerere kwa sababu ya viwavi walioshambulia mazao mwaka aliozaliwa. Julius lilikuja na ubatizo mwaka 1943. Ndipo ikapatikana J.K. Nyerere, herufi ambazo hakuna mzee aliyekaa kuzipanga. Ni fomu, daftari la mahudhurio na sweta ya shule vilivyotuletea kazi hii mpya, na lazima tuifanye, kwa sababu watoto wetu wataishi ndani ya fomu.

Kuna wanaotisha watu kwamba herufi mbaya hufupisha maisha. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti wa vyeti vya vifo vya California. Walisema wanaume wenye herufi kama P.I.G., yaani nguruwe, au D.I.E., yaani kufa, walikufa mapema kwa miaka 2.8, na wenye herufi za sifa waliishi zaidi kwa miaka 4.48. Habari ile ilisambaa sana. Mwaka 2005 Stilian Morrison na Gary Smith wakapima upya kwa kuwapanga marehemu kwa mwaka wa kuzaliwa, na tofauti ile ikatoweka. Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa herufi mbaya asilale na hofu ya kifo. Mimi siogopi kaburi hapa. Naogopa darasa la tatu, mtoto wa miaka tisa anapoamka asubuhi akasema tumbo linauma, na tumbo haliumi.

Zipo pia herufi zisizo neno lakini ni kifupisho. C.C.M., T.R.A., hizo ni utani wa siku mbili, zinapita. Ila sisi ni watu wa ziwa. M.V. kwetu ni meli. M.V.B. mkoa mwingine ni herufi tatu tu. Hapa, kwa nyumba iliyompoteza mtu tarehe 21 Mei 1996 M.V. Bukoba ilipozama, sitamshauri mzazi amtarizie mtoto herufi hizo kwenye sweta. Kila familia inajua kidonda chake.

Sasa swali gumu, najua mmekaa nalo. Jina likiwa la kurithi je? Mama mkwe amefariki mwaka jana, aliitwa jina fulani, na ukoo mzima unasubiri arudi kwa mjukuu. Au wamezaliwa pacha, Kulwa ni Kulwa, hana mbadala. Msimamo wangu ni huu, na wapo walimu wenzangu tunaobishana: jina la marehemu lisiachwe kwa ajili ya herufi. Mtoto apewe. Mkiona herufi zinaleta neno la aibu, tangulizeni jina la ubatizo au jina lingine la dini kwenye fomu, la bibi likae nyumbani na lifuate nyuma yake. Bibi ataitwa kila siku jikoni na shambani, na mtoto atapita foleni ya bomba salama. Ila mkubaliane mapema, wazee wawepo, isije ikaonekana mkamwana amelikataa jina la mama mkwe.

Fanyeni hivyo kabla ya kujifungua, au angalau kabla ya siku 90 ambazo sheria inataka kizazi kiwe kimesajiliwa. Mkitoka hospitali na tangazo la kizazi, jina bado ni maneno ya mdomoni. Likishaingia kwenye cheti linakwenda shuleni, kwenye mtihani wa taifa, kwenye kitambulisho cha NIDA, na kila karatasi inataka lifanane na lile la kwanza. Nimewaona vijana wakihangaika na viapo vya wanasheria kwa herufi moja iliyokosewa tu.

Na walimu mliopo: mkitaka vidumu viwe na alama, watoto wachore. Ua, nyota, samaki. Mimi nilibadili baada ya siku ile, na binti yule alirudi na kidumu kipya chenye sato aliyechorwa na kaka yake, magamba yote yamehesabika.

Chaki ipo, ubao upo. Mama wa kitenge cha bluu pale nyuma, umenyoosha mkono tangu nilipotaja Andrea. Njoo mbele, mwanangu, taratibu, usijichoshe. Baba wa mtoto anaitwa nani, na babu?