Vidole Vijifunze Njia Vyenyewe

Ndugu zangu, kabla hatujaandika hata neno moja, fungeni macho mpapase safu ya katikati ya kibodi. Kuna vitufe viwili vyenye kijinundu: F na J. Kidole cha shahada cha kushoto kikae juu ya F, cha kulia juu ya J, na vingine vifuatane: D, S, A upande huu, K, L na nukta mkato upande ule. Vidole gumba viegemee kitufe kirefu cha nafasi. Kila kidole kikitoka kubonyeza herufi, kirudi mahali pake.

Wengi huuliza kwa nini herufi hazikupangwa A, B, C. Mpangilio huu, QWERTY, tumeurithi kutoka kwenye taipureta ya Mmarekani Christopher Latham Sholes, ambayo kampuni ya Remington ilianza kuiuza mwaka 1874. Kiswahili hakikufikiriwa kabisa. Herufi A, tunayoitumia kuliko zote, imeangukia kidole kidogo cha kushoto, kile kile kilicho dhaifu. Andikeni “wanakaa”: katika herufi 7, kidole hicho kinabonyeza mara 4! Kwa hiyo nawasihi, kizoezeni hicho zaidi ya vingine vyote. Na mkiandika “ng’ombe”, kidole kidogo cha kulia, kwenye kibodi nyingi, kinasogea hatua moja tu kutoka kwenye nukta mkato kufuata kile kialama.

Kasi isiwasumbue. Andikeni polepole, macho yakiwa kwenye skrini. Anayechungulia chini kila mara anayafundisha macho kazi ya vidole, na kuiondoa tabia hiyo baadaye ni kazi ngumu kweli.

Sasa, laptopu ina mambo yake. Vitufe vyake ni bapa na vinazama kidogo tu, hivyo gusa kwa wepesi. Hakuna haja ya kugonga. Kibao cha kugusia, kile cha kusogezea kishale kwenye skrini, kiko karibu na viganja. Kiganja kikikigusa, kishale huweza kuruka, na maneno yako yakaangukia katikati ya sentensi nyingine. Inueni viganja kidogo mnapoandika.

Najua wapo wanaoogopa kuharibu kitu. Msiogope. Mkishika vibaya na aya nzima ikatoweka, kwenye kompyuta nyingi shikilieni kitufe cha Ctrl, bonyezeni Z mara moja. Aya itarudi, nanyi mwendelee.