Ngumi Iliyofutwa

Wanangu, asanteni kwa kuja.

Mmeniuliza: kazi inatakiwa Jumamosi, leo Jumatano, na msiba wenyewe bado mbichi. Nitachoraje kitu kitakachomnyima mtu usingizi? Nitawajibu kwa kanvasi moja tu, Guernica ya mchoraji Mhispania Pablo Picasso.

Januari 1937 serikali ya Jamhuri ya Hispania ilimwomba picha kubwa ya kutundikwa katika banda lake kwenye maonyesho ya dunia, Paris. Miezi ikapita, hana kitu ila michoro midogo ya msanii na mwanamke anayechorwa. Tarehe 26 Aprili, Jumatatu ya gulio, ndege za Ujerumani na Italia, zilizowasaidia waasi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, zikaumwagia mabomu mji wa Guernica, kwa Wabaski, kaskazini mwa nchi. Habari zikamfikia magazetini. Mei mosi akashika penseli. Mwanzoni mwa Juni kazi ya karibu mita 8 kwa 3 na nusu ilikuwa imekwisha.

Wiki tano! Lakini tazameni alizitumiaje. Dora Maar, mpiga picha na mpenzi wake, alikuwa akipiga picha kila hatua, kwa hiyo tunaona hata alichokifuta. Hapa, katikati: askari amelala chini, mkono ameunyoosha juu, ngumi imekunjwa. Hatua ya pili, ngumi imeshika masuke, na nyuma yake jua kubwa. Kisha mkono haupo. Mimi hapa husimama kila mara. Ngumi ile ilikuwa faraja, ilituambia tutashinda. Ameing'oa! Jua nalo limesinyaa likawa kama jicho, ndani yake balbu. Na farasi, aliyekuwa ameinamisha shingo, kainuliwa kichwa hadi pale palipobaki wazi, analia, ulimi umechongoka kama ncha ya mkuki.

Alijaribu pia kubandika vipande vya karatasi za kupambia ukuta. Akavibandua. Zikabaki rangi nyeusi, nyeupe na kijivu. Hamtaona ndege ya vita hata moja, wala bomu. Mtaona mama aliyerudisha kichwa nyuma, kinywa wazi, na mtoto mikononi mwake. Macho ya mtoto hayana mboni. Mtazameni huyo, msiwe na haraka.

Haya, leteni michoro yenu hapa mbele. Kila mmoja anionyeshe kile alichokiweka ili kumtuliza mtazamaji. Tutaanza na hicho.