Ramani ya Cantino na Marubani wa Bahari ya Hindi

Waheshimiwa wasikilizaji,

Mwaka 1502, Alberto Cantino, wakala wa Ercole d'Este, mtawala wa Ferrara nchini Italia, alijipatia kwa siri mjini Lisbon ramani kubwa ya dunia. Mchoraji wake, ambaye jina lake halijulikani hadi leo, alilipwa dukati 12 za dhahabu. Vasco da Gama alikuwa amerejea Ureno kutoka India mwaka 1499, na katika miji ya Italia iliyotajirika kwa viungo vilivyopitia Misri kila mtu alitaka kujua Wareno wamepitia wapi. Ramani yenyewe sasa imehifadhiwa Modena, katika maktaba ya Estense, baada ya misukosuko mingi: katika karne ya 19 iliokotwa kwenye bucha la mjini humo, ikiwa imebandikwa kwenye kiwambo.

Pwani ya Afrika Mashariki imechorwa humo kwa usahihi wa kushangaza, na Sofala, Kilwa na Malindi zimetajwa kwa majina. Hata hivyo, naomba tuutazame zaidi upande wa mashariki ya India. Pameandikwa Malaka, mji wa bandari katika rasi ya Malay, na kando yake yameorodheshwa mali yapatikanayo huko: karafuu, udi, msandali, miski, lulu na vyombo vya kaure, na imeelezwa kwamba sehemu kubwa ya mali hiyo hutoka nchi ya Wachina. Tukumbuke kwamba meli za Kireno hazikufika Malaka hadi mwaka 1509. Basi mchoraji aliyekaa Lisbon aliyapata wapi hayo, miaka saba kabla? Aliyapata kwa watu waliokuwa wakiisafiri bahari hiyo, yaani marubani na wafanyabiashara ambao Wareno waliwahoji Calicut, bandari ya kusini-magharibi mwa India, na kwingineko. Ramani hiyo ina hata vipimo vya kimo cha nyota ambavyo wanahistoria wanavihusisha na desturi ya mabaharia wa Kiarabu ya kupima kwa vidole.

Da Gama mwenyewe aliondoka Malindi mwezi Aprili 1498 akiongozwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo, akafika karibu na Calicut mwezi Mei. Mwandishi wa historia João de Barros, aliyechapisha kazi yake mwaka 1552, anasimulia kwamba rubani huyo alimwonyesha Da Gama ramani ya pwani yote ya India, na kwamba alipoonyeshwa astrolabu ya Wareno, chombo cha kupimia kimo cha jua na nyota, hakushangaa hata kidogo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, ni barua ambayo Afonso de Albuquerque, gavana wa Wareno huko India, alimwandikia Mfalme Manuel wa Ureno mwezi Aprili 1512. Anaeleza humo juu ya ramani kubwa ya rubani wa Kijava, yenye majina yaliyoandikwa kwa maandishi ya Kijava, iliyoonyesha Bahari ya Sham, Ghuba ya Uajemi, visiwa vya karafuu, yaani Maluku katika Indonesia ya leo, na njia za meli za Wachina. Tena ilikuwa na Rasi ya Tumaini Jema, Ureno na Brazili. Ramani hiyo ilizama pamoja na meli Flor de la Mar karibu na Sumatra mwaka 1511, ikabaki nakala ya sehemu yake tu, iliyochorwa na Francisco Rodrigues. Hiyo Brazili ndiyo inayonivutia. Wareno waliifikia mwaka 1500, na katika muda wa miaka kumi na moja tu habari zake zilikwisha kuingia katika ramani ya Mjava, kwa hiyo waliokuwa wakinakili walikuwa wa pande zote mbili.

Siri ya Lisbon, yaani ya njia za bahari za Wareno, haikudumu. Jan Huygen van Linschoten, Mholanzi aliyekuwa karani wa askofu mkuu wa Goa, alikusanya maelekezo ya marubani wa Kireno na kuyachapa miaka ya 1595 na 1596. Aliwashauri wenzake waukwepe Mlango wa Malaka, ambako Wareno walikuwa na ngome, na wapite Mlango wa Sunda, kati ya Sumatra na Java. Meli nne za Cornelis de Houtman zilifika Banten, bandari ya kisiwa cha Java, kwa njia hiyo mwaka 1596, zikawakuta wafanyabiashara wa Kichina, Kigujarati na Kireno wakiendelea na biashara yao ya pilipili manga.